SHAURI LA MATITI NI SHAURI LA CHAMA

Ndugu Wafanya Kazi, wake kwa waume,

Wako wanachama wanaosema ya kwamba karatasi hii ni ya mishahara, saa za kazi na nyumba za kulala, na kwamba habari ya matiti haifai kuandikwa ndani yake. Wasema ni aibu. Wasema ni mambo ya kina mama, wayazungumze wao wenyewe kisimani. Leo twawajibu watu hawa, na twawajibu bila kuzunguka, kwa sababu aibu hiyo inaua. Inaua bibi zetu na mama zetu kule Kitui na Makueni, na siku hizi inaua pia wafanya kazi wenzetu, maana kazi ya reli si ya wanaume peke yao tena.

Kwanza tutoe hesabu, kwa kuwa mabwana wakubwa hupenda hesabu. Makisio ya kimataifa ya mwaka wa 2020 yalisema ya kwamba katika Kenya wanawake 6,799 walipatikana na kansa ya matiti mwaka ule, na 3,107 walikufa kwayo. Gawanya wewe mwenyewe kwa siku za mwaka. Utapata watu wanane au tisa kila siku. Kama gari la moshi lingeanguka pale Kiboko leo na kuua watu wanane, na kesho likaanguka tena na kuua wanane, na kesho kutwa hivyo hivyo, je, Serikali ingenyamaza? Tume ingeundwa kabla jua halijatua. Lakini hawa wanane hufa mmoja mmoja, kila mmoja katika nyumba yake, nyuma ya pazia, na hakuna tume.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Watu wetu wamefundishwa ya kwamba kansa ya titi ni donge. Mama hujipapasa, asipoona donge, hushukuru Mungu na kurudi shambani. Vema, donge ni dalili kubwa. Lakini si dalili peke yake. Mara nyingine ngozi ndiyo husema, na ngozi husema mahali ambapo mkono haukukuta kitu. Dalili za ngozi ndizo hizi, na kila mwanachama azisome kwa sauti nyumbani kwake:

Ngozi ya titi kuingia ndani na kufanya kishimo, hasa mama anapoinua mikono juu. Ngozi kuwa nene na kutokea vitundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Titi moja kuvimba upesi kuliko la pili, likawa zito, lenye moto. Rangi ya ngozi kugeuka. Chuchu iliyokuwa imetokeza kurudi ndani, bila kuwa hivyo tangu zamani. Chuchu kuwasha, kubambuka magamba, kutoa maji au damu, kama upele usiokwisha. Na kidonda juu ya titi kisichopona.

Watu wa Makueni hawahitaji kuelezwa ganda la chungwa ni nini. Machungwa ni mali yenu, na maembe pia. Kina mama wa Makueni wamesomesha watoto kwa machungwa. Basi chukua chungwa moja mkononi ulitazame. Hivyo vitundu unavyoviona ndivyo vinavyotokea katika ngozi ya titi gonjwa. Sababu yake ni hii: chini ya ngozi iko mifereji myembamba inayochukua maji ya mwili. Kansa ikiingia ndani ya mifereji hiyo huiziba, kama mtaro ulio kando ya reli unavyozibwa na mchanga wakati wa mvua. Maji hukosa njia, ngozi huvimba, lakini pale vinyweleo vilipokaza ngozi haiwezi kuinuka, ndiyo maana huonekana vishimo. Na kile kishimo kimoja kikubwa huja kwa njia nyingine: ndani ya titi ziko kano zinazolishikilia, na uvimbe ukizishika huzivuta, nazo huivuta ngozi ndani. Hakuna uchawi hapo. Ni kazi ya mwili, nayo yajulikana.

Hata ile habari ya chuchu yenye magamba si ya jana. Daktari mmoja Mwingereza, James Paget, aliiandika mwaka wa 1874. Yaani miaka 22 kabla ya kuanza kulazwa mataruma ya kwanza kule Mombasa mwaka wa 1896, ilikwisha julikana ya kwamba upele wa chuchu usiopona waweza kuwa mlango wa kansa. Reli imepita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali tangu karne ile. Ya pili, ile mpya, imeanza kuchukua abiria tangu 2017. Maarifa ya Paget yalikuwa na safari gani, hata yakashindwa kufika mpaka leo katika nyumba ya mama wa Ikutha?

Tena kuna jambo la kutukasirisha zaidi. Vitabu vingi vya udaktari vimeandikwa kwa ngozi ya Mzungu. Vyasema: tazama kama ngozi imekuwa nyekundu. Nyekundu! Juu ya ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Huonekana weusi uliozidi, au rangi ya zambarau, au kama mahali palipopigwa pakavilia damu, na ngozi hung'aa na kuwa ngumu. Mama akiambiwa angojee wekundu, atangoja mpaka kaburini. Kwa hiyo twawaambia: msitafute rangi ya kitabu. Linganisheni titi moja na lenzake. Lililobadilika ndilo lenye habari.

Iko kansa moja ya titi ambayo huja kwa uvimbe na moto, na mara nyingi haina donge lo lote. Si ya watu wengi, lakini ni kali kuliko nyingine. Haiji kwa miaka. Huja kwa majuma. Jumapili titi ni zima, mwezi ujao limevimba lote. Na kwa kuwa hufanana na jipu la titi la mama anyonyeshaye, mgonjwa hupewa dawa za jipu. Hapa ndipo twataka wakubwa wa dispensari watusikilize vizuri. Hatusemi ya kwamba dawa ya jipu ni kosa. Wanawake wengi wenye titi lililovimba wana jipu kweli, hasa wanaonyonyesha, nao hupona. Tunalosema ni hili: dawa ikimalizika na uvimbe haukuondoka katika juma moja au mawili, mwanamke huyo asipewe dawa ile ile mara ya pili, na ya tatu, na ya nne. Apewe barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Sisi tumewaona wanawake waliokunywa vidonge vya jipu miezi sita, kila mara wakiambiwa, «Rudi mwezi ujao.» Mtu asiyenyonyesha, mwenye miaka hamsini, jipu hilo la maziwa limetoka wapi?

Wala msidanganywe na picha peke yake. Kansa ya namna hiyo, kwa kuwa haina donge, yaweza isionekane vema katika picha ya titi. Neno la mwisho hutoka katika kipande kidogo cha nyama au ngozi kinachochukuliwa na daktari na kutazamwa kwa darubini. Wako watu sokoni wanaosema ya kwamba sindano hiyo huamsha kansa na kuitawanya. Ni uongo. Uongo huo umezuia watu wengi. Bila kipande hicho daktari hajui ni ugonjwa gani wala dawa ipi itafaa, na huyo atakayetibu bila kujua ni kama mtu afunguaye gari la moshi bila kuuliza kama njia iko wazi.

Twasema pia ukweli ulio mchungu, maana chama kisichosema kweli si chama. Ngozi ikigeuka kwa sababu ya kansa, mara nyingi ugonjwa haukuanza leo. Mara nyingine umekwisha tembea. Basi dalili ya ngozi haisemi, «Bado mapema, ngoja.» Yasema, «Kimbia.» Lakini kukimbia si kukata tamaa. Zamani ile kansa ya uvimbe na moto ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Siku hizi mgonjwa huanza kwa dawa kali za kansa, halafu hupasuliwa, halafu hupigwa mionzi, na wako wanaoishi miaka mingi. Upele wa chuchu ukishikwa mapema hutibika vizuri zaidi. Na si kila kishimo na kila upele ni kansa. Upele ulio chini ya titi mara nyingi ni jasho na joto la kwetu. Wengi watakaokwenda watarudi wakicheka. Heri watu kumi warudi wakicheka kuliko mmoja azikwe.

Sasa tuseme na waume, yaani tujiseme sisi wenyewe kwa wenyewe. Desturi ya Ukambani twaijua. Mume yuko Mombasa au Nairobi kazini, bibi yuko Mutomo au Zombe na watoto, ng'ombe na shamba. Mwisho wa mwezi mume hutuma fedha kwa simu. Bibi akiona titi limegeuka, hangoji daktari, hungoja mume. Mume hangoji daktari, hungoja likizo. Likizo ikija, imekwisha kuwa Desemba. Ndugu, mwanamke ana haja gani ya ruhusa yako ili apeleke mwili wake mwenyewe hospitali? Wewe ukikatwa kidole na koleo la chuma, hupigi simu Kitui kuomba ruhusa ya kufungwa kidonda. Tena wewe uliye karibu naye waweza kuona kishimo asichokiona yeye. Ukikiona, usinyamaze kwa haya. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nasi twaongeza, mficha maradhi kifo humuumbua. Wala wanaume msijione mmeokoka: katika kila wagonjwa mia wa kansa ya matiti, karibu mmoja au nusu yake ni mwanamume. Chuchu yako ikianza kutoa damu au kurudi ndani, nawe nenda.

Wengine watasema, tutakwenda kwanza kwa mganga, au tutakwenda kuombewa. Sisi tulisoma shule za misheni, na kuomba hatukukatazi. Lakini someni vizuri habari ya Mfalme Hezekia. Alipougua aliomba na kulia, na Mungu akamsikia. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini zikandwe ziwekwe juu ya jipu lake. Nabii mwenyewe hakuona dawa ni upungufu wa imani. Mhubiri anayemwambia mama aache hospitali anajiona mkubwa kuliko Isaya. Na mganga anayechanja titi lililovimba na kulipaka majani hutia kidonda juu ya ugonjwa na kula miezi ambayo mgonjwa hana.

Tugeuke kwa waajiri. Tangu Oktoba 2024 kila mfanya kazi anakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara wake wote kwa ajili ya bima ya afya ya Serikali. Kama wapata shilingi 30,000, ni shilingi 825 kila mwezi. Mwajiri haongezi hata senti moja juu yake. Sawa, fedha ni zetu. Basi tuna haki ya kuuliza zinatununulia nini. Sheria ya Kazi ya 2007 humpa mfanya kazi, baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka. Siku hizo ni za mtu aliyekwisha kuugua na mwenye cheti cha daktari. Na mtu anayetaka kujua kama anaugua? Huyo nyapara humwambia achukue siku za likizo, au aende siku yake ya mapumziko, nayo siku hiyo ni Jumapili, na chumba cha uchunguzi kimefungwa. Hivi ndivyo mtu mwenye kazi hufika kwa daktari kwa kuchelewa kuliko hata asiye na kazi.

Twauliza waajiri: njia ya reli mnaikagua namna gani? Mtu wa genge hutembea juu ya mataruma, mvua na jua, akitazama ufa mwembamba kama unywele. Mnamlipa kwa kazi hiyo. Hamngojei mpaka reli ivunjike ndipo mseme, sasa twaweza kuitazama. Mnajua usipoziba ufa utajenga ukuta. Chuma mnakikagua kila siku. Mwanamke anayekifagilia steseni hamtaki kumpa nusu siku kwa mwaka. Je, chuma kina thamani kuliko mtu?

Na Serikali, ile kuu na zile za kaunti, haziponi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya afya bora inayowezekana, na kazi kubwa ya hospitali ikakabidhiwa kaunti. Makueni ilionyesha ya kwamba yawezekana: mwaka wa 2016 ilianza mpango wake wa matibabu, ambao jamaa nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka, na wazee wa zaidi ya miaka 65 hawakulipa. Tuliwasifu, na tunawasifu. Mwaka wa 2015 Serikali Kuu iliingia mkataba wa kukodi mashine kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti, zote 47, na mashine za kupiga picha za matiti zilikuwamo. Lakini mashine haitembei. Mashine haiingii Ikutha kumwuliza mama, «Ngozi hii imekuwa hivi tangu lini?» Swali hilo huulizwa na mtu, tena mtu aliyefundishwa, mwenye chumba chenye pazia na dakika kumi za kumsikiliza mgonjwa. Septemba 2023 Serikali ilituma vijijini wahudumu wa afya zaidi ya 100,000 wenye mikoba. Wanapima presha na sukari. Je, ni shida gani kuwafundisha dalili saba za ngozi tulizoziandika hapo juu? Haziongezi uzito wa mkoba.

Watu wa Kitui wana shida zaidi, maana reli haikupita kwao. Mama wa Mutomo akipewa barua ya kwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hupanda basi kabla ya mapambazuko, hulala kwa ndugu, huambiwa arudi juma lijalo kwa kipimo, na juma lingine kwa majibu. Safari tatu, nauli tatu, na mbuzi watatu wameuzwa kabla ya dawa ya kwanza. Kisha wasomi huandika ya kwamba wanawake wetu «huchelewa kwa kutojua». Hapana! Wengine walijua. Walichelewa kwa nauli. Walichelewa kwa barua. Walichelewa kwa kuambiwa rudi kesho.

Shirika la Afya Duniani lilisema ya kwamba mtu akifika na dalili ya kansa ya titi, uchunguzi wake wapaswa kumalizika katika siku 60. Hatukubuni sisi. Ni wakubwa wenyewe walioweka kipimo hicho. Basi twawapima kwa kijiti chao.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayodai, nasi twataka kila tawi liyazungumze katika mkutano wake ujao na kuyapitisha kwa kura:

1. Katika mapatano ya kazi yajayo iandikwe siku moja ya uchunguzi kila mwaka, kwa mshahara kamili, bila kukatwa katika likizo wala katika siku za ugonjwa. Mwanachama ambaye bibi yake ameona dalili apewe siku ya kumsindikiza.

2. Kila dispensari na kituo cha afya katika Kitui na Makueni kiwe na mwuguzi aliyefundishwa kutazama na kupapasa matiti, na mahali pa faragha pa kufanyia kazi hiyo.

3. Uvimbe wa titi usiopona kwa duru moja ya dawa ya jipu uandikiwe barua ya hospitali kubwa bila kuombwa.

4. Siku 60, zisizozidi, tangu mgonjwa afike mara ya kwanza mpaka ajue ugonjwa wake. Vipimo vinavyoweza kuchukuliwa Wote au Kitui mjini vichukuliwe huko, kipande cha nyama kisafiri badala ya mtu.

5. Kila tawi lichague wanachama wawili, mmoja wao awe mwanamke, wa kuweka daftari: siku mgonjwa alipokwenda, alichoambiwa, siku aliyopewa kurudi. Jina lake wasilitangaze. Lakini tarehe tutazipeleka mbele ya wakubwa, moja moja, mpaka wachoke kuzisikia.

Watakaotucheka wacheke. Zamani walicheka tulipodai viatu vya kazi, na leo wote wanavivaa. Mwanachama, usingojee mkutano ili uanze. Karatasi hii ikimalizika kusomwa, isiwashie jiko. Ipeleke nyumbani, au uisome kwa simu usiku huu kwa bibi yako, kwa mama yako, kwa dada yako. Mwambie asimame mbele ya kioo, ainue mikono, atazame. Akiona mabadiliko, asubuhi aende dispensari, nawe utume nauli kabla ya kutuma fedha nyingine yo yote.

UMOJA NI NGUVU!

Wenu katika kazi,
Sisi wa genge la njia